Ufa wa Mwaka wa Milima

Watu wa mji ule walimwita Bi Mwaka, na hakukuwa na ubaya wowote katika jina hilo. Kazi yake katika ofisi ya mji ilikuwa uhamasishaji. Kila mwaka ulipoanza, barua ilishuka kutoka juu ikisema kwamba safari hii dunia nzima inaadhimisha kitu fulani, na yeye ndiye aliyetakiwa kuhakikisha mji wao haubaki nyuma. Alishapitisha Mwaka wa Udongo. Alishapitisha Mwaka wa Nuru, ambao umeme ulikatika katikati ya hotuba ya ufunguzi. Alishapitisha Mwaka wa Viazi, uliomtoa jasho kuliko yote, kwa sababu kila alikopita waliuliza kama vitunguu navyo vitapata wa kwao. Alizunguka na gari la ofisi lenye spika mbili juu ya paa, akapiga muziki, akagawa kofia na fulana, akaandaa mashindano ya kuchora shuleni. Watu walimpenda. Gari lake likisikika, walitoka majumbani wanacheka kabla hajafungua mdomo.

Ndipo ukaja Mwaka wa Milima.

Mji wenyewe ulikuwa umeegemea mlima. Upande wa nyuma, nyumba zilipanda moja juu ya nyingine, na kati yake kulikuwa na ngazi za zege ambazo wageni walizipanda kwa kupumzika mara tatu. Chini kabisa ilikuwa shule. Juu kabisa ilikuwa nyumba ya fundi cherehani, mama wa makamo, mjane, mwenye ulimi mkali na macho makali zaidi. Katikati, safu ya nne, alikaa dada yake Bi Mwaka na mumewe, ambaye alikuwa fundi mwashi. Karibu nusu ya nyumba za mtaa ule shemeji huyo alikuwa amezijenga kwa mkono wake.

Kwa ajili ya ufunguzi, ofisi ilimwalika mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu. Alitakiwa azungumze dakika ishirini juu ya umuhimu wa milima, apigwe picha, ale, aondoke. Yeye akaomba kwanza apande aone. Wakampandisha, mkurugenzi wa mji akihema nyuma yake, mpaka nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Pale kwenye majani palikuwa na ufa. Haukuwa siri, watoto waliuruka wakicheza, na mbuzi waliuzoea. Ulikuwa na upana wa unyayo, ukikata mlima kwa ubavu kama mshono uliofumuka, kutoka kichaka hiki mpaka kile, na mwisho wake haukuonekana.

Mtaalamu akachuchumaa. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka mkurugenzi akaanza kutazama saa.

"Huu una umri gani?" akauliza.

"Mimi nimehamia hapa nikaukuta," fundi cherehani akasema. "Ila siku hizo ulikuwa mwembamba. Ungepitisha mkono tu."

Mtaalamu akaomba nondo mbili na nyundo. Akapigilia kigingi kimoja upande wa juu wa ufa na kingine upande wa chini, akavuta futi ya chuma kati yake, akaandika: sentimita themanini na nne kamili. Kisha akamvuta Bi Mwaka pembeni.

"Unaweza kukaa hivi miaka mia moja," alisema. "Unaweza pia usikae. Mimi kwa kuutazama siwezi kukwambia. Mpate mtu wa kuupima kila wiki, na asiache."

Hotuba yake aliitoa kwa dakika saba, hakula, akaondoka.

Bi Mwaka hakuogopa siku ile. Alichofikiria ni kwamba hatimaye amepata kitu cha kuhamasisha nacho. Miaka yote alikuwa akiwaeleza watu mambo ya mbali. Sasa hili liko mgongoni mwao. Akachorewa ubao mkubwa langoni mwa shule, wenye maandishi MLIMA WETU WIKI HII, na chini yake mstari mwekundu wa kupandishwa kila Ijumaa. Wanafunzi wa darasa la sita walipanda na mwalimu wao wa sayansi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, wakapima, wakashuka, wakaandika. Jumatatu na Jumatano alipima fundi cherehani.

"Nimepima viuno vya watu miaka thelathini," alimwambia Bi Mwaka. "Wengine wananidanganya, wanabana pumzi. Huu mlima haubani pumzi. Unachosema ndicho."

Kwa miezi mingi haukusema kitu. Themanini na nne. Themanini na nne na milimita moja. Mbili. Watoto walianza kuchoka na mwalimu akawa anawabembeleza kupanda. Bi Mwaka alipeleka picha ya ubao kwa wakubwa, na jibu likaja kwamba mji wao umetajwa kama mfano wa kuigwa. Mkurugenzi akaibandika barua ile ukutani.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zilipoanguka, ufa ulifika themanini na tano. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili ukawa themanini na sita. Fundi cherehani alishuka mwenyewe mpaka ofisini, daftari kwapani, akaketi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, angalia," akasema, akafungua ukurasa. "Miezi minane, nusu sentimita. Wiki nne, nusu nyingine. Wiki mbili hizi, sentimita nzima. Mimi sikusoma sana, lakini nguo ikianza kufumuka hivi najua inakoelekea."

Bi Mwaka alimpigia simu mtaalamu. Alikuwa nchi nyingine, kwenye kazi nyingine, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika. Bi Mwaka akamsomea namba.

"Usitazame ufa ni mpana kiasi gani," mtaalamu akasema. "Tazama unakimbia kiasi gani. Ukiona mwendo unaongezeka maradufu, kisha tena maradufu, msingoje mimi. Msingoje mtu yeyote."

Bi Mwaka alikwenda kwa mkurugenzi na namba zake kwenye karatasi. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yaishe. Alisoma karatasi, akaikunja mara mbili.

"Uhamasishaji ni kuwafanya watu wajue," alisema. "Si kuwatia hofu. Nyumba mia na kitu zile, nikiwaambia watoke, watakwenda wapi? Na wakitoka kisha lisitokee lolote, nani atatuamini tena?"

"Basi tumwite mtaalamu mwingine aje aone."

"Nitaandika barua. Halafu kuna jambo la ule ubao. Mwaka mpya ni Mwaka wa Kioo, unajua. Mchoraji anaanza Jumatatu."

"Bosi, ule ubao unatumika."

"Mwaka wa Milima umekwisha."

"Mlima haujaambiwa," alisema Bi Mwaka, na akatoka kabla hajaongeza neno ambalo lingemponza.

Jumatatu mchoraji alikuja na rangi yake. Mstari mwekundu ulikuwa umefika juu ya ubao. Akaupaka bluu, akachora juu yake dirisha na jua likipenya. Mwalimu wa sayansi alisimama dirishani akimtazama mpaka akamaliza. Kisha akachukua chaki akaandika namba ya wiki ile kwenye kona ya ubao wa darasani kwake, na pembeni yake neno moja: USIFUTE.

Jumapili Bi Mwaka alikwenda kula kwa dada yake. Nyumba ilikuwa imara, sakafu ya saruji iliyong'aa, kuta zilizonyooka. Kwenye meza dada alimwambia, kama jambo la kuchekesha, kwamba maji ya chemchemi nyuma ya nyumba yamegeuka rangi ya chai, na mama wa nyumba ya jirani analalamika dirisha lake halifungi.

"Dada, njooni mkae kwangu," alisema Bi Mwaka. "Wiki mbili tatu tu, mvua zipite."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Shemeji yangu, nakuheshimu. Lakini nyumba hizi nimezijenga mimi. Msingi wa hii nimechimba mpaka nikagonga mwamba. Sasa wewe unakuja na daftari la mshona nguo kunifundisha habari za msingi?"

"Sisemi habari za msingi. Mlima wenyewe ndio unatembea, na msingi uko juu yake."

"Mwaka juzi ulikuja kutuambia viazi vitaokoa dunia," alisema shemeji, bila hasira, na watoto wakacheka. Bi Mwaka naye akacheka, maana lilikuwa kweli. Alipokuwa akishuka ngazi aliona kwamba bomba la kushikia, lililokuwa limenyooka miaka yote, limepinda katikati kama goti.

Januari mlima uliendelea kusema. Themanini na nane na nusu. Tisini na moja. Barua ya mkurugenzi haikujibiwa, au haikuandikwa. Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo, mvua isiyo na radi wala upepo, imekaa tu juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Siku ya nne ufa ulikuwa tisini na sita. Asubuhi ya siku ya tano, mvua ikiendelea, saa mbili na robo, simu ya Bi Mwaka ililia mezani.

"Mia moja na nne," fundi cherehani alisema. Nyuma ya sauti yake kulisikika mlio, kama mtu anayepasua kuni mbali. "Unasikia? Ni mizizi hiyo. Inakatika."

"Mama, toka huko. Shuka sasa hivi."

"Ninashuka. Nimepima mara mbili ili nisije nikakwambia uongo."

Mkurugenzi alikuwa mkutanoni mji mwingine, na simu yake haikupatikana. Naibu wake alisema hana mamlaka ya kuhamisha mtaa. Bi Mwaka alisimama kwenye varanda ya ofisi, akitazama mlima ambao mawingu yalikuwa yameukata kichwa. Kisha akapiga moyo konde. Akachukua ufunguo wa gari la spika. Hakumwomba mtu.

Aliegesha chini ya ngazi, akawasha kipaza sauti. Muziki ulianza wenyewe, ule wimbo wa furaha wa kampeni, akahangaika kuuzima. Lakini ulishasikika. Milango ikafunguka. Watu wakatoka, miavuli juu, nyuso zikitabasamu.

"Jamani, naomba mnisikilize," alisema. "Mlima unakuja. Tokeni majumbani, twendeni uwanja wa mpira. Acheni vitu."

Wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Mwenye duka la pembeni mwa ngazi, mtu mnene mwenye maneno matamu, alimpungia mkono. "Bi Mwaka, kofia za safari hii rangi gani? Mimi ya mwaka jana ilinibana."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli, hofu ya namna ambayo hakuijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewazoesha watu hawa kwamba sauti yake haina madhara. Alikuja na viazi, na nuru, na udongo, na hakuna kilichowahi kuwatokea. Aliwafundisha kutabasamu wakimsikia. Sasa angesema nini, kwa sauti ileile, kutoka spika zilezile?

Fundi cherehani alifika chini akiwa amelowa chapachapa, kandambili moja tu mguuni. Akamkabidhi daftari. Bi Mwaka hakuhutubia tena. Alianza kusoma.

"Mwezi wa tatu, themanini na nne. Mwezi wa kumi, themanini na nne na nusu. Mwezi wa kumi na moja, themanini na tano. Tarehe kumi na tano mwezi wa kumi na mbili, themanini na sita." Alisoma polepole, tarehe moja baada ya nyingine, kama anayeita majina ya mahudhurio. "Jana, tisini na sita. Leo saa mbili, mia moja na nne."

Kicheko kilipungua, kikakatika. Wa kwanza kujibu ilikuwa shule. Waliokuwa darasa la sita mwaka uliopita walikuwa wanazijua namba zile. Walikuwa wamezipandia ngazi mwaka mzima. Hawakuhitaji kuelezwa. Mwalimu wa sayansi alitoka amewapanga wawili wawili, bila kengele, na nyuma yake madarasa mengine, watoto zaidi ya mia tatu wakitembea kimya kuelekea uwanjani. Mzazi akiona mtoto wake anapita kimya namna ile, mwavuli unamdondoka wenyewe. Wakaanza kushuka.

Lakini si wote. Safu ya tatu na ya nne wanaume walisimama barazani wamekunja mikono, wakingoja neno la shemeji, kwa sababu yeye ndiye aliyewajengea. Bi Mwaka alipanda ngazi mbio mpaka kifua kikamwaka. Kupitia dirisha alimwona shemeji ndani, akiusukuma mlango wake mwenyewe kwa bega.

"Haufunguki," alisema. Haikuwa sauti yake. "Ulifunguka alfajiri. Sasa haufunguki."

Alitokea dirishani. Akachukua timazi kwenye mfuko wa zana, ule uzi wenye uzito wa chuma mwishoni, akaushusha kwenye kona ya nyumba. Uzi ulining'inia wima. Ukuta haukuufuata. Juu viligusana, chini kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Shemeji alitazama nafasi ile muda mfupi tu. Aliukunja uzi vizuri, kama afanyavyo akimaliza kazi, akautia mfukoni, kisha akageukia wanaume wenzake.

"Tokeni," alisema. "Wote. Msirudi ndani."

Walichopuuza kwa Bi Mwaka hawakukipuuza kwake. Walibeba wazee mgongoni. Dada alishuka na watoto wawili mikononi, hana viatu. Bi Mwaka aligonga kila mlango mpaka safu ya mwisho, akashuka nyuma yao wote, na fundi cherehani alihesabu watu uwanjani kwa kidole, midomo ikicheza.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Kwanza palikuwa na ukimya, hata mvua ilionekana kunyamaza. Kisha miti iliyokuwa juu ya nyumba ya fundi cherehani ikaanza kutembea, imesimama wima, yote pamoja, kama watu wanaotoka kwenye ibada. Nyuma ya miti ile mlima ulifunguka na kushuka. Haukuwa mwepesi kama watu wanavyodhani. Ulikuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na ulipofika safu ya juu kabisa haukupunguza. Sauti yake Bi Mwaka aliisikia tumboni kabla ya masikioni. Nyumba zilikaa chini moja moja. Ngazi zilikunjamana. Tope lilifika kwenye ukuta wa shule, likaegemea, likasimama.

Walihesabu tena. Walikosekana wawili. Mmoja alikuwa bibi wa safu ya sita ambaye alijifungia kwa ndani na hakumfungulia mtu. Mwingine alikuwa mwenye duka. Alikuwa uwanjani tayari, watu walimwona, kisha akasema anarudi dakika moja tu kufunga kufuli.

Mkurugenzi alirudi alasiri. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba ofisi yake ilikuwa ikifuatilia mlima kwa karibu mwaka mzima. Bi Mwaka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, tope limemkauka mpaka magotini. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa akiitazama familia ya mwenye duka, waliokaa juu ya benchi la wachezaji wa akiba, wamejifunika mwavuli mmoja watu wanne.

Mtaalamu wa miamba alifika siku ya tatu, macho mekundu kwa safari. Walipanda watatu kwa njia ya kuzunguka, yeye, Bi Mwaka na fundi cherehani, mpaka juu ya kidonda kile chekundu. Kutoka huko hema za uwanjani zilionekana ndogo kama leso zilizoanikwa. Mtaalamu alitembea kwa uangalifu, akitazama chini, na hatua mia mbili juu ya mahali ulipokuwa ufa wa zamani akasimama. Hakuchuchumaa safari hii. Kwenye majani palikuwa na mstari mwembamba, mpya, udongo wake bado unang'aa.

"Kilichoanguka ni miguu," alisema. "Mwili bado uko hapa. Sasa hauna pa kukanyaga."

"Mkubwa kiasi gani?" Bi Mwaka akauliza.

Mtaalamu alinyoosha mkono, akauzungusha taratibu kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine. Mkono ulipita juu ya shule, ukapita juu ya uwanja wa mpira na hema zake, juu ya hospitali, juu ya ofisi ya mji, ukasimama kwenye daraja.

Fundi cherehani alishikilia nondo, mtaalamu akapigilia. Walipigilia jozi tano, kila moja mbali na nyingine.

Waliposhuka dada yake alikuwa akimngoja mlangoni mwa hema. Shemeji alikuwa amekaa nyuma yake juu ya ndoo, mikono kati ya magoti. Wanaume wa mtaa walikuwa wamekusanyika, na Bi Mwaka aliona kwamba wanangoja neno kutoka kwake, sasa wanamsikiliza kabla hajasema, na hakufurahi hata kidogo.

"Mdogo wangu," dada alisema, "wanasema tutapewa mbao za kuanza kujenga hapahapa, pembeni mwa uwanja. Baba watoto anataka kupima kesho. Apime?"

"Asipime," alisema Bi Mwaka. "Wala msikunjue magodoro yaliyobaki."

Dada alimtazama usoni, kisha akatazama mlima, ambao mchana ule jua lilikuwa limeutokea na ulionekana wa kijani na mtulivu.

"Mpaka lini?"

Bi Mwaka alisema hajui. Akaketi chini karibu na shemeji yake, na shemeji akasogeza ndoo kumpa nafasi.